Tulale ndani ao inje?

Usiku wa Jumatatu, tarehe 24 Mei 2021, siku mbili baada ya volkano yetu ya Nyiragongo kupasuka, jirani yangu mmoja alinigongea mlango akiwa na simu mkononi. Ni mama anayeuza makala. Si haya ya kusoma, ni yale ya kupikia. Ndani ya simu mlikuwa na sauti ya mwanaume asiyejitaja jina. Alisema, kwa utulivu wa mtu anayesoma ratiba ya meli ya Bukavu, kwamba saa tisa za usiku litapita tetemeko kubwa kuliko yote, na kwamba “wazungu wa mashine” wamekwisha kuliona. Mama hakuniuliza kama habari ile ni ya kweli. Aliniuliza: “Mwalimu, sasa tulale ndani ao inje?”

Nimefundisha fizikia katika mji huu wa Goma miaka mingi, na maswali mazuri kama lile nimeyasikia kwa nadra. Saa tisa ilipita bila kishindo cha pekee. Ardhi ilicheza, ndiyo, lakini ilikuwa inacheza tangu Jumapili, mara nyingi mno hata watoto walikuwa wamechoka kulia. Kulipokucha ikaja sauti nyingine, yenye saa nyingine.

Nayakumbuka hayo kwa sababu sauti zile hazijakoma. Kila ardhi inapotikisika, iwe Goma au Bukavu, simu zinaanza kulia kabla vumbi halijatua: kuna nabii, kuna “mtaalamu wa Ulaya”, kuna shemeji wa mtu anayefanya kazi mahali fulani. Wasomi wetu hujibu kwa sentensi moja, kwamba matetemeko hayatabiriki, kisha wanakunja mikono. Sentensi hiyo ni ya kweli. Hakuna mtu, chuo wala serikali iliyowahi kuonyesha njia ya kutaja tetemeko kubwa kabla halijatokea na kuirudia njia hiyo ikakubali. Lakini mama wa makala akiisikia ataondoka bila jibu, maana usiku ni lazima alale mahali, na yule mwongo wa kwenye simu angalau alimwambia wapi.

Tumpime kwanza huyo mwongo. Utabiri unaostahili jina hilo hukaa juu ya mafiga matatu: mahali, muda na ukubwa. Yote matatu yatajwe kabla, tena kwa mipaka ambayo mtu anaweza kuikagua baadaye. Ukiondoa figa moja chungu kinamwagika, na hapo ndipo ujanja ulipo. Duniani hutokea matetemeko ya ukubwa wa 5 na zaidi yapatayo 1,500 kwa mwaka, yaani kama manne kila siku. Ya ukubwa wa 6 na zaidi hupita 100 kwa mwaka, karibu moja kila siku tatu. Kwa hiyo naweza kuandika leo kwamba wiki hii dunia itapigwa na tetemeko la 6, nikapatia karibu kila wiki, nimekaa zangu mtaani Birere nakunywa chai. Nikiongeza kwamba litapiga ukanda wa Pasifiki, ambako hutokea takribani asilimia 80 ya matetemeko makubwa kabisa, nitaonekana hata nina mashine nyumbani.

Februari 2023 Mholanzi mmoja anayesoma mpangilio wa sayari alipata umaarufu wa dunia nzima. Tarehe 3 aliandika mtandaoni kwamba mapema au baadaye tetemeko la kama 7.5 litapiga kusini mwa Uturuki na majirani zake. Tarehe 6 likaja la 7.8, likaua watu zaidi ya 50,000 Uturuki na Syria. Watu walisambaza maneno yake wakiyaruka yale matatu ya mwanzo. “Mapema au baadaye” ndilo figa lililokosekana. Ufa ule wa Anatolia Mashariki wanajiolojia walikuwa wanaujua kwa miaka mingi, na kila mmoja wao angeweza kuweka sahihi chini ya sentensi ile bila kutazama sayari hata moja.

Na kuna jambo la Meksiko ambalo lingetokea hapa kwetu lingeanzisha makanisa. Tetemeko lililobomoa mji mkuu wao lilikuja tarehe 19 Septemba 1985. Kila mwaka tarehe hiyo wanafanya zoezi la kujiokoa kwa ukumbusho. Tarehe 19 Septemba 2017, saa mbili hivi baada ya zoezi, likaja la 7.1. Tarehe 19 Septemba 2022 wakafanya zoezi tena, na kabla ya saa moja kwisha likaja jingine. Mara tatu, tarehe ileile. Sayansi inasema ni bahati tu, na nakubali, ingawa nakiri kwamba ningekuwa mkazi wa mji ule, kila tarehe 19 Septemba ningekuwa na shughuli shambani.

Kwa nini basi mashine zinazopima kila kitu zishindwe hili? Darasani nilikuwa natumia gunia la viazi vya Masisi. Liweke juu ya sakafu ya lava, lifunge ule mpira wa tairi ambao vijana wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, hufungia mizigo yao, halafu vuta polepole bila kusita. Gunia halisogei. Mpira unarefuka, unarefuka, na ghafla gunia linaruka, pengine upana wa kidole, pengine urefu wa mkono, kisha linatulia tena. Wanafunzi wangu walikuwa wanawekeana dau la mandazi, nani atajua ni hatua gani gunia litaruka. Hakuna aliyeshiba mandazi kwa kipaji. Wote lakini waligundua mambo mawili bila kufundishwa: kwamba kuruka lazima kutakuwepo, na kwamba miruko midogo ni mingi, ile mikubwa ni michache.

Chini ya Kivu ndivyo ilivyo. Tumekaa juu ya mkono wa magharibi wa Bonde la Ufa, ambapo Afrika inajitenga milimita chache tu kwa mwaka, taratibu kuliko kucha zinavyoota. Mpira ni mwamba wenyewe. Sakafu ya gunia ni ufa ulio kilomita kumi au zaidi chini, mahali ambapo hakuna mkono wa mtu uliofika kuweka kipimo. Tena tetemeko kubwa huanza kama dogo. Mwamba unakatika mahali padogo, mkatiko unakimbia kando ya ufa, na unasimama pale unapokuta kizuizi. Ukisimama baada ya mita mia chache, jikoni vikombe vinagongana tu. Ukikimbia kilomita hamsini, mji unaanguka. Mwanzo wa hilo na mwanzo wa lile vinafanana mno hata wanaotazama michoro ya mashine wanabishana hadi leo kama kuna tofauti yoyote ya kuonekana.

Wamarekani walijaribu kulinasa gunia moja. Kijiji cha Parkfield, California, kilikuwa na matetemeko ya karibu 6 katika miaka ya 1857, 1881, 1901, 1922, 1934 na 1966. Ukipiga wastani unapata kama miaka 22. Mwaka 1985 wataalamu wao wakatangaza kwamba linalofuata litakuja kabla ya mwisho wa 1993, wakajaza bonde lile vipimo vya kila aina, wakangoja. Lilikuja tarehe 28 Septemba 2004. Mahali walipatia, ukubwa walipatia, muda uliwapita kwa zaidi ya miaka kumi. Na vile vipimo vyote havikurekodi dalili yoyote ya wazi kabla halijapiga. Nadhani hakuna ufa duniani uliowahi kuviziwa kwa subira kama ule.

China nao wana kisa wanachokitaja wote wanaoamini utabiri. Februari 1975 mji wa Haicheng ulihamishwa, na tetemeko lililozidi 7 likapiga nyumba tupu nyingi. Ni kweli, na maisha mengi yaliokolewa. Lakini kilichowatoa watu nje hasa ni mfululizo wa matetemeko madogo ambao kila mtu aliusikia chini ya miguu yake. Julai ya mwaka uliofuata Tangshan ikapigwa bila tahadhari, na hesabu rasmi ya waliokufa ikapita 240,000.

Sisi wa Goma tuna kinachotuchanganya zaidi ya hao wote, nacho ni mlima.

Magma, yaani mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi, ikitaka kutoka lazima ipande. Ikipanda inavunja mwamba, inavimbisha ardhi, inasukuma gesi mbele yake. Kwa hiyo volkano mara nyingine hubisha hodi, na ndiyo maana tangu 1986 tuna kituo chetu cha kuchunguza volkano, OVG, na watu wanaopanda huko juu. Mwaka 2002, katika siku zilizotangulia tarehe 17 Januari, ardhi ilitikisika na waliokuwa wanauangalia mlima walikuwa na wasiwasi. Kisha lava ikapita katikati ya mji hadi ziwani, ikala kama asilimia 13 ya Goma. Mwaka 2021 hata hodi haikupigwa. Wengi walisema kituo kilikosa pesa baada ya mradi wa Benki ya Dunia kwisha mwaka 2020, kikakaa miezi bila hata intaneti ya kuvutia takwimu. Hayo yalikuwa kweli na ni aibu. Lakini watafiti waliozipitia rekodi baadaye walionyesha kwamba mlipuko ule ulianza bila zile dalili za wazi za siku kadhaa ambazo watu huzitegemea: lava ilikuwa tayari iko juu, karibu na mdomo, na ubavu wa mlima ulichanika. Mlima wenye urefu wa mita 3,470 ulifunguka Jumamosi jioni, na usiku uleule moto ukawa umefika Buhene, mlangoni mwa mji.

Yaliyofuata ndiyo yaliyozaa sauti za kwenye simu. Kuanzia Jumapili matetemeko yalikuja kwa mamia, makubwa yake yakizunguka ukubwa wa 5. Barabara zilipasuka, kuta zilichanika, hapa na Gisenyi, ng'ambo ya mpaka wa Rwanda. Walioketi kwenye mashine waliona kwamba vitovu vya matetemeko vinatembea: vinatoka mlimani, vinakuja kusini, vinapita chini ya mji, vinaelekea chini ya ziwa. Wakajua ni magma inayojipenyeza kama kisu kati ya miamba. Alfajiri ya tarehe 27 Mei gavana wa kijeshi akaamuru mitaa 10 kati ya 18 ya Goma ihamishwe.

Tazama vizuri kilichofanyika pale. Matetemeko yalisomwa kama barua. Yaliyokwisha kutokea yalieleza magma iko wapi, na wasiwasi ulikuwa juu ya magma: itoke mjini, au ifike ziwani iliamshe lile jini la gesi tunaloishi nalo, kilomita za ujazo zipatazo 300 za kaboni dayoksaidi na 60 za methani zilizotulia chini ya maji. Hakuna tetemeko hata moja lililotajwa kabla halijaja. Lakini mtaani watu walisikia “wataalamu wanafuatilia matetemeko”, na kutoka hapo hadi “wataalamu wanayaona kabla” ni hatua moja ya mguu wa mtoto. Wakuu wetu, wanaozungumza na wananchi kwa Kifaransa cha tangazo la gazeti la serikali, hawakusumbuka kuueleza umbali huo mdogo. Sauti ya simu ilikuja kujaza nafasi waliyoiacha, tena kwa Kiswahili safi.

Si kwamba watu wa hapa hawajui kusoma ardhi. Neno “mazuku”, ile hewa nzito inayokaa kwenye mabonde madogo ya lava na kuua mbuzi asiyeinua kichwa, limetoka vinywani mwetu likaingia katika vitabu vya wanavolkano wa dunia nzima, bila kutafsiriwa. Mababu waliona bonde moja likiua leo, kesho na mwaka ujao, wakalipa jina na kulikwepa. Maarifa yao yalisimama juu ya kitu kinachojirudia mahali palepale. Mbwa aliyebweka usiku kabla ya tetemeko ni hadithi nyingine. Mbwa wa Ndosho hubweka kila usiku. Ule mmoja tu ndio tunaoukumbuka.

Lakini sitaki kumaliza lawama zote kwa manabii, kwa sababu kuna uongo wa pili ambao huvaa koti jeupe. Mwaka 2009, katika mji wa L'Aquila nchini Italia, ardhi ilitikisika kidogokidogo kwa miezi. Fundi mmoja aliyekuwa anapima gesi ya radoni alieneza hofu, akitegemea vipimo vyake, na ikasemekana aliutaja mji mwingine kabisa, Sulmona, ambako hakukutokea kitu. Serikali, ili kumnyamazisha, ikawaita wataalamu wake L'Aquila. Afisa mmoja akaviambia vyombo vya habari kwamba hali ni nzuri, kwamba matetemeko madogo yanapunguza nguvu iliyokusanyika, na kwamba watu wanaweza kujinywea divai yao. Wiki moja baadaye, usiku wa tarehe 6 Aprili, likaja la 6.3. Walikufa watu 309. Wapo waliosimulia kwamba zamani, ardhi ikitikisika usiku, wazee wao walikuwa wanatoka na blanketi hadi uwanjani. Safari ile walibaki vitandani kwa sababu wakubwa walisema hakuna neno. Mahakama iliwahukumu wanasayansi sita na yule afisa miaka sita kila mmoja mwaka 2012. Kwenye rufaa, mwaka 2014, wanasayansi waliachiwa. Afisa akapunguziwa hadi miaka miwili.

Dunia ilipiga kelele kwamba wanasayansi wameshtakiwa kwa kushindwa kutabiri. Kesi haikuwa hiyo. Walishtakiwa kwa faraja. Na faraja ileile naisikia hapa, hata kwa watu waliosoma: “Bora haya madogo, yanatoa presha, kubwa halitakuja.” Nilikuwa nawapa wanafunzi hesabu yake. Kila ngazi moja ya ukubwa ni nguvu mara 32 hivi. Ili matetemeko ya 4 yatoe nguvu ya 6 moja, unahitaji kama elfu moja. Ukihesabu hayo madogo kwa vidole huwezi kumaliza deni la kubwa. Isitoshe, tetemeko likitokea, uwezekano wa jingine katika siku zinazofuata hupanda, haushuki.

Hupanda kiasi gani? Hapa ndipo wataalamu wana kitu mkononi, na sijui kwa nini hawakileti sokoni. Katika sehemu nyingi zilizochunguzwa, kama tetemeko moja kati ya ishirini hufuatwa na kubwa kuliko lenyewe ndani ya siku chache. Mengine kumi na tisa hayafuatwi. Kwa mtu mmoja hiyo ni habari nzuri ya kufanyia kazi. Kwa mji ni fumbo.

Jiweke kwenye kiti cha gavana. Ardhi imetikisika kwa 5. Mtaalamu wako ni mkweli, anakuambia: kuna nafasi moja kati ya ishirini kwamba kubwa zaidi liko njiani. Utaihamisha Goma? Tuliona gharama yake Mei 2021. Watu wapatao 400,000 walishika njia, wengi kwa mguu, kuelekea Sake, wengine Rutshuru, wengine mpaka wa Rwanda, wengine mashua za Minova na Bukavu. Tulilala kwenye madarasa na makanisa, maji ya kunywa yalikuwa ya ziwa, na kila mtu alikuwa anaiwaza kipindupindu. Usiku wa mlipuko peke yake ulikuwa umekwisha kutenganisha mamia ya watoto na wazazi wao. Mlipuko wa pili haukutokea, na Juni watu wakarudi, wengine wakakuta milango imefunguliwa na wasiowajua. Mimi nasema amri ile ilikuwa ya haki kwa yaliyojulikana asubuhi ile. Lakini ukiitoa kila mara nafasi ni moja kati ya ishirini, utakuwa umewakimbiza watu mara kumi na tisa bure, na mji huu umekimbizwa na vita mara nyingi mno kiasi kwamba safari ya ishirini hakuna atakayekunja mkeka. Ndiyo maana naona kiu ya kupata tarehe ni kiu ya kitu ambacho, hata tungekipata katika sura yake ya kweli, yenye asilimia na mashaka, tusingejua tukiweke wapi.

Wengine watanikumbusha Japani na simu zao zinazolia kabla ya kutikisika. Huo si utabiri. Tetemeko limekwisha kuanza, ila halijafika ulipo. Mawimbi ya kwanza, mepesi, hukimbia kama kilomita 6 kwa sekunde. Yale mazito yanayobomoa huja nyuma kwa kilomita 3.5 hivi. Mashine iliyo karibu na kitovu inanasa ya kwanza na kutuma onyo kwa njia ya umeme, ambayo haina mpinzani wa mbio. Mji mkuu wa Meksiko, matetemeko yanapotoka pwani kilomita 300 mbali, hupata dakika nzima ya kushuka ngazi. Lile la 2017 lilitoka karibu zaidi, kama kilomita 120, na king'ora kililia wakati ardhi karibu imeanza kucheza.

Sasa pimia Bukavu. Tarehe 3 Februari 2008, siku ya Jumapili, saa tatu na nusu asubuhi, watu wakiwa ibadani, lilitokea tetemeko la 5.9, kitovu chake kama kilomita 20 kaskazini mwa mji. Piga hesabu: mawimbi mazito yalifika baada ya sekunde sita. Mashine nzuri kuliko zote inahitaji sekunde kadhaa kunasa, kukadiria na kutuma. Ungebaki na muda wa kusema “Yesu” na kuinua macho. Nyufa zetu ziko chini ya vitanda vyetu. Mfumo wa king'ora ni dawa ya watu wanaoishi mbali na ugonjwa wao. Usiudharau, mtu wa mbali kidogo ungemsaidia, lakini anayeahidi kwamba king'ora kitaiokoa Bukavu hajashika rula.

Jumapili ile watu zaidi ya 30 walikufa upande wa Rwanda, baadhi yao ndani ya kanisa lililowaangukia, na wengine kadhaa upande wetu. Siku kumi na moja baadaye, tarehe 14 Februari, likaja jingine lililozidi 5. Waliokufa hawakumezwa na ardhi. Waliuliwa na kuta: matofali yaliyopangwa juu ya matofali, bila nguzo ya zege pembeni, bila mkanda wa zege juu ya madirisha wa kuzishika kuta zote pamoja kama mshipi. Tetemeko la 5.9 katika nchi iliyojengwa vizuri huvunja vyungu vya maua. Bukoba, Septemba 2016, ukubwa ulikuwa uleule, 5.9, na kuta za matofali zikaua tena.

Ardhi hii inapotikiswa tunapajua. Kalehe ilipigwa Oktoba 2002 kwa 6.2. Ziwa Tanganyika, upande wa Kalemie, lilipigwa Desemba 2005 kwa 6.8. Hakuna anayeweza kusema linalofuata litakuja lini, lakini ukimwambia mwashi wa Kadutu kule Bukavu au wa Himbi hapa Goma kwamba nyumba anayoijenga itatikiswa vizuri angalau mara moja kabla haijamilikiwa na wajukuu, hujapiga ramli. Na mwashi anajua chuma cha nusu kinaokoa dola ngapi. Anayemlipa anajua pia.

Nirudi kwa mama wa makala, maana alingoja jibu mlangoni na mimi nilikuwa nimesimama na taa.

Nilimwuliza nyumba yake ni ya nini, ingawa niliijua. Ni ya mbao, kama nyingi za Goma, imesimikwa juu ya lava ya 2002, paa la manjanja, yaani mabati mepesi. Nyumba ya mbao haipendi moto. Lava ikija inawaka kama kiberiti, na hilo nilimwambia. Kwa tetemeko ni habari tofauti. Inalia, inapinda, inarudi. Kikianguka kitakuwa ubao au bati, na watoto wake watatoka na michubuko. Nikamwambia aondoe lile sefuria kubwa la juu ya kabati, azime makaa yote, aweke viatu na maji karibu na mlango kwa ajili ya mlima, kisha alale ndani. Nje kulikuwa na manyunyu na baridi, na mtoto wake mdogo alikuwa anakohoa.

Yangu mimi ni ya matofali ya saruji, niliyoijenga kwa mishahara iliyokuwa inachelewa, na mkanda wa juu ya madirisha niliuacha kwa sababu pesa zilikuwa zimekwisha. Upande wa pili wa barabara kuna bwana mwenye etaje ya ghorofa mbili, vioo vya buluu, ukuta wa mbele ulikuwa umekwisha kuchanika kutoka juu hadi chini kama mfuko wa unga. Saa nne za usiku alikuja na mke, magodoro na jenereta, akaomba nafasi kwenye uwanja wa mama. Mimi nilifika nusu saa baadaye na mkeka wangu. Mama alitupangia kando ya magunia yake ya makala, mbali na ukuta wowote, akatuletea hema la plastiki, halafu akaingia ndani na kufunga mlango.